Glasi Tisa za Awindiri

Awindiri, Arua
12 Januari 2025

Dada Nora,

Kwa heshima zote, na mbele ya ukoo wetu mzima, walio hai na waliolala, natangaza kwamba jana saa nne asubuhi kopo la kutikisia vinywaji liliwasili nyumbani kwangu salama, likapokelewa na mimi mwenyewe nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu. Ni la chuma. Lina kifuniko, na juu ya kifuniko lina kofia. Limeoshwa, limepanguswa, limewekwa mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi ila binti yangu Harriet, na yeye nadhani alikuwa anaua mbu.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo? Goti lako bado linatabiri mvua? Sisi hapa wote wazima. Mke wangu Alice anakusalimu, ingawa siku hizi anapitia mlango wa jikoni, anasema kaunta yangu imemlia sebule. Mimi nimepungua kidogo. Ni kazi tu.

Nakuandikia kwa karatasi, kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi alichotuachia baba, kwa sababu simu yako ina spika isiyozimika: nikikupigia, Ludara nzima inaniitikia. Muzamili dereva atakupa bahasha mkononi. Usimpe akusomee.

Basi habari yenyewe. Nimejenga baa ndogo sebuleni. Nimejifunza kwenye simu, video baada ya video, miezi miwili, kwa mwalimu mmoja mwenye ndevu ambaye hajui kwamba nipo. Yeye anasema mwenye nyumba anayejiheshimu ana vitu hivi: kopo la kutikisia, ambalo nimeshalitangaza; kipimo chenye vikombe viwili vilivyogeuziana migongo; chujio; kijiko kirefu chenye shingo iliyosokotwa kama kamba; mtwangio mdogo wa kuponda majani ya nana; koleo la barafu; na kizibuo. Halafu glasi. Ndefu ni za vinywaji vyenye soda, fupi nene ni za vikali, zenye mguu ni za mvinyo, na ziko nyingine zina mdomo mpana kama kisahani, hizo bado sijaelewa mtu anakunywaje bila kujimwagia kifuani.

Unajua Harriet ana mchumba, James, kijana wa Yei anayefanya kazi Juba. Wazee wake wako mpakani, Kaya na Oraba, na mkubwa wao ni mjomba wake, mzee Tongun. Jumamosi tarehe 22 Februari wanakuja kujitambulisha. Sitaki wakute jerikeni katikati ya sebule kama kwa... kama sehemu nyingine.

Kuhusu wewe kuja: nimefikiria goti lako. Nimefikiria pia ile barabara, vumbi la mwezi wa pili lilivyo. Usijisumbue. Nitakueleza kila kitu.

Mdogo wako,
Severino


Ludara, Koboko
26 Januari 2025

Severino mdogo wangu,

Barua imefika. Muzamili hakuisoma, aliinua tu bahasha juani akaangalia kivuli cha maneno.

Sisi tuko. Muhogo umekauka vizuri. Mbuzi wa jirani yangu Rehemah amezaa mapacha, na mmoja ana uso wa Rehemah kabisa, lakini hilo usimwambie mtu. Goti ni zima. Unasema umepungua. Umepungua wapi?

Barabara ya Koboko mpaka Arua ina lami. Ina lami tangu Harriet yuko shule ya msingi. Hilo vumbi lako umelitoa wapi?

Nimefurahi kusikia vyombo vyako. Mimi nami nikaenda nyuma ya nyumba nikahesabu vya kwangu, tusije tukaachana sana. Pipa moja la kupikia pombe. Bomba moja, limeinama. Jerikeni mbili. Faneli. Kibuyu cha mama. Vikombe vya plastiki vinne, kimoja kina ufa, hicho nampa mtu nisiyempenda. Kipimo changu ni chupa ya dawa ya kikohozi, nayo haijawahi kugeuziana mgongo na mtu. Hiyo ndiyo baa iliyokusomesha. Sikukumbushi, naorodhesha tu.

Sasa swali moja. Nani ataonja?

Najua hukusahau, ila unakaa mjini, na mji unaosha vitu vingi. Kwetu kinywaji kinafunguliwa mbele ya macho ya mgeni. Mwenye nyumba anameza kwanza, mgeni anamwona koo likipanda na kushuka, ndipo na yeye anapokea. Hata soda tunaileta na kizibo chake. Na yakiwa mambo ya msichana, anayemeza ni shangazi yake. Hata mtoto anajua kwa nini. Watu hapa wamezika watu kwa sababu ya kikombe kimoja, na wengine wamehamishwa vijiji kwa sababu ya kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Sasa hilo kopo lako la kufunga, mgeni ataona nini ndani yake?

Sitakuja. Siku hiyo nina kazi nyingi. Hukuuliza kazi gani, kwa hiyo sisemi.

Dada yako,
Nora


Awindiri, Arua
16 Machi 2025

Dada Nora,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli za ofisi. Alice mzima. Harriet mzima, amekuwa mtu wa kusafisha; juzi aliosha glasi zote ambazo zilikuwa tayari safi. Mvua ya kwanza imenyesha ikang'oa bati la choo cha jirani, likatua kwetu, na sasa tunagombana kama bati ni lake au ni la upepo.

Wageni walikuja. Walikuwa tisa. Wakaketi, wakaondoka. Hakuna glasi iliyovunjika.

Muhogo mmeshauuza? Bei ya huko ikoje?

Nauliza pia kitu kidogo, si kwa sababu yoyote: mtu akikaa wiki tatu bila kuleta jibu, huko Oraba wanahesabu hiyo ni muda mrefu au ni kawaida?

Severino


Ludara, Koboko
30 Machi 2025

Severino,

Muhogo tumeuza. Rehemah anakusalimu na mapacha wake wote wawili.

Barua yako ilikuwa na mistari mingi juu ya bati. Nikasema, huyu anafunika kitu. Nikamkalisha Muzamili, nikampa kiti na chai, kwa sababu ni yeye aliyewaendesha hao wageni kutoka Koboko kuja kwako na kuwarudisha. Muzamili akisema "mama, mimi siyo mutu ya maneno", ujue unapata yote.

Anasema alichungulia dirishani. Glasi tisa, kila moja na sura yake, zimejaa, majani yanaelea juu, barafu inayeyuka, na watu tisa wameweka mikono magotini kama wako kanisani. Anasema wakati wa kurudi gari zima lilikuwa kimya mpaka mbele sana, halafu mtu mmoja akapasuka kusema kitu kwa lugha yao, kisha kelele.

Kwenye soko la Koboko muuza nyanya mmoja ameniuliza, "Nora, ile nyumba ya Awindiri ya mtu aliyekataa pombe yake mwenyewe, si ya ndugu yako?" Nikamwambia mimi nina ndugu wengi. Severino, niliona aibu, na ile aibu nikaibeba pamoja na nyanya mpaka nyumbani.

Wewe unajua neno hilo likikua linakuwa nini. Leo ni "alikataa kuonja". Mwezi ujao ni "kwa nini alikataa". Mwaka kesho ni Harriet anapita barabarani na akina mama wanavuta watoto wao kando. Hakuna mtu ataoa kwenye nyumba ya sumu.

Na jambo lingine. Mzee Tongun namfahamu. Sikukwambia kwa sababu hukuuliza. Anakuja kwangu Ludara miaka sita sasa, ana kiti chake. Tangu siku ile ya wageni wako hajatia mguu.

Nilikuuliza nani ataonja, hukujibu. Nauliza tena. Wewe ni mnywaji tangu una ndevu tatu. Kwa nini hukumeza?

Nora


Awindiri, Arua
25 Mei 2025

Dada yangu Nora,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu Alice aliwashia jiko.

Salamu. Sisi tuko. Pasaka imepita, Kaya kimya. Harriet haulizi chochote, na hilo ndilo linaniumiza. Ananiangalia mimi kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye msichana.

Nitakueleza siku ile, halafu nitakueleza mengine, na ukimaliza kusoma uchome.

Kaunta yangu inatazama sebule, lakini rafu za chupa ziko ukutani. Anayechanganya anawapa wageni mgongo. Ndivyo ilivyo kwenye video. Nikawapa mgongo watu tisa, nikaponda majani nisiyowaonyesha, nikamimina nisichowaonyesha, nikafunga kopo nikalitikisa juu ya bega langu huku natabasamu. Dada, naliona sasa. Nilichokuwa nafanya, akija mtu na kamera kutengeneza sinema ya mchawi, asingebadilisha kitu. Halafu nikampa kila mtu glasi yake ya aina yake. Kwenye chungu cha kwete, pombe yetu ya nafaka, wote mnakunywa mahali pamoja, mkifa mnakufa pamoja, hakuna lawama. Mimi niliwachagulia.

Mzee Tongun akashika yake, moja ya zile za mdomo mpana, akaizungusha kama mtu anayetafuta mlango.

"Mwenye nyumba," akasema, "anza wewe."

"Karibuni tu, wazee wangu. Mimi nimeshiba."

"Hakuna mutu ameuliza habari ya kushiba. Anza."

Nikatazama lile kopo. Kopo likanitazama. Nikasema, "Mimi nimeokoka."

Nilikuwa nimesimama ndani ya baa, dada. Chupa kumi na mbili nyuma yangu, koleo la barafu mkononi, na nikasema nimeokoka. Mama mmoja wa upande wao akauliza kwa upole, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Ameokoka lini? Sasa hivi tumekaa?"

Alice alitoka nje. Mzee Tongun hakucheka. Akasema, "Sawa. Shangazi ya huyu mtoto iko wapi? Yeye aonje, tumalize."

Nikasema shangazi ni mgonjwa. Amelala, hawezi hata kusimama.

"Shangazi gani? Nora ya Ludara?"

"Ndiyo."

"Jana jioni amenipimia mwenyewe," akasema. "Na amenitukana vizuri sana. Yale matusi haikuwa ya mutu mgonjwa."

Waliulizia choo. Waliulizia saa. Wakashukuru.

Sasa mengine. Mwezi wa kumi na moja nilipimwa. Ini langu limeharibika, ile homa ya ini iliyo kwa watu wengi huku, ila kwangu imeshakaa na pombe pamoja wakasaidiana. Daktari amesema hata tone moja hapana. Nikamuuliza kuonja je? Akasema, "Mzee, ini halijui kwamba unaonja." Alice anajua. Wewe sikukwambia. Harriet sikumwambia. Mtu akisikia ini, anasogeza kikombe chake. Nikafikiria wazee wa James wakisikia, watasema damu ya nyumba ile ina ugonjwa, mtoto wao asiguse. Ndipo nikapata akili, niliyodhani ni akili. Nikasema nikiwa nyuma ya kaunta ninagawa, hakuna atakayeuliza kwa nini sinywi. Anayegawa ana kazi. Kwenye video yule mwenye ndevu hakuna anayemwambia anza wewe.

Na la mwisho, hili ndilo lililochoma karatasi tatu. Wewe ungemeza kwa niaba yangu, na mambo yangekwisha. Nilijua. Sikukuita kwa sababu nilikuonea aibu. Nilimwambia James kwamba dada yangu ni mfanyabiashara wa Koboko. Sikutaka uingie na harufu ya moshi wa pipa, ukae karibu na glasi zangu. Sina namna nzuri ya kulisema.

Naomba uende Oraba. Mzee Tongun atakusikiliza. Mwambie lolote, mwambie mimi ni mjinga, hilo analijua. Harriet asikose ndoa kwa sababu ya koo langu. Ila ini usilitaje. Nakuomba kwa kaburi la mama.

Severino


Ludara, Koboko
15 Juni 2025

Severino mdogo wangu,

Hujambo? Dawa unakunywa? Kwa wakati wake? Rehemah anasema kuna majani fulani, nikamwambia anyamaze, wewe ni mtu wa daktari. Mvua ipo, karanga zimetoka vizuri. Mimi ni mzima, nawe uache kunilaza kitandani mbele za watu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya tatu nilikaa nayo tu. Kuhusu moshi: ni kweli nanuka moshi. Naoga, unabaki kwenye nywele.

Lakini umesema lako, na mimi niseme langu. Nilikuandikia nina kazi nyingi siku ile. Sikuwa na kazi. Nilivaa. Nilivaa gomesi, lile gauni langu la sherehe la kijani, nikakaa kando ya barabara tangu asubuhi na chupa moja ndani ya mfuko, nikisema labda ataniita hata kwa simu, dakika ya mwisho, kama mtu aliyesahau chumvi. Muzamili alipopita na wageni alipunguza mwendo. Mzee Tongun alitoa mkono dirishani akanipungia nipande. Nikageuza uso, kama mtu anayetafuta kuku wake. Kwa hiyo alipokuuliza shangazi iko wapi, alishajua niko wapi. Sijui alitaka useme nini.

Jumatano nimekwenda Oraba. Nimemkuta nyuma ya foleni ya malori, pale wabadilisha pesa wanapokaa na viti vyao. Aliponiona akaanza kutafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

"Nora," akasema, "umepona?"

"Wewe nyamaza kwanza," nikamwambia.

Nikakaa. Nikatoa chupa imefungwa, nikaifungua mbele ya macho yake. Nikatoa kikombe kimoja, siyo kile cha ufa. Nikamimina, nikameza, nikamwonyesha mdomo mtupu kama kwa mganga wa meno. Nikamimina tena nikampa. Akapokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, machozi yakamtoka, sijui ni ukali au ni nini.

Kisha nikasema. Nilisema kila kitu, Severino. Nilisema ini. Najua ulichoniomba, na mama atanisamehe, alikuwa mtu wa kusema. Nilimwambia ndugu yangu si mtu wa sumu, ni mtu mgonjwa ambaye aliona aibu ya ugonjwa, akanunua vyombo vya kujificha nyuma yake. Nilimwambia pia ulinionea aibu mimi. Hilo hukuomba nilifiche, kwa hiyo nilisema kwa sauti, na mbadilisha pesa wa jirani aliacha kuhesabu.

Nilimwambia, kama mnataka kulipiza, lipizeni kwa Severino, ana glasi za kutosha. Mtoto msimwache. Nikapiga magoti. Goti hili hili. Watu wa malori waliangalia.

Akaninyanyua. Akasema, "Nora, amka, unaniua." Akasema habari ya glasi waliimaliza siku ile ile. Kelele aliyosikia Muzamili ndani ya gari ilikuwa kicheko. Yule mama alikuwa anarudia "ameokoka sasa hivi tumekaa" na walicheka mpaka Koboko. Kila mtu alijua wewe ni mtu wa mjini na hujui kukaribisha. Habari ya ini wala haikumshtua, kaka yake mwenyewe anayo. Walikuwa wameshapanga kurudi kwako baada ya Pasaka na mbuzi, na walikubaliana waje na pombe yangu.

"Basi kwa nini hamkurudi?" nikamuuliza. "Na wewe kwa nini umenikimbia miezi minne?"

Akavua ile kofia. Akasema amekuwa akipita njia ya mbali asikutane nami, kwa sababu hakujua atanitazama na macho gani.

James alimwambia mjomba wake wiki ile ya glasi kwamba ana msichana mwingine Juba, na Jumamosi iliyofuata Pasaka amemwoa. Harriet anajua; James alimpigia simu mwenyewe wiki ile ile ya harusi, akamwambia.

Nora